Piko na Zinki

Tone jeusi lilidondoka juu ya chuma ambacho Khalfani alikuwa ametoka kukisugua kikang'aa. Akalifuta kwa kidole. Likadondoka jingine. Akatazama juu akidhani tenki la maji linavuja, ndipo akagundua kwamba kinachovuja ni kichwa chake.

Ilikuwa piko. Aliipaka alfajiri, nywele na ndevu, kuficha mvi, na hakuiacha ikauke vizuri. Sasa jua la Ujiji lilikuwa linamuumbua.

"Fundi, nini hicho kinakutiririka shingoni?" Zuleha aliuliza kutoka barazani.

"Masizi," akajibu. "Kazi ya chuma ina masizi."

Masizi, kwa kusugua kutu! Khalfani alijiona mjinga kuliko wajinga wote kuanzia Kidahwe mpaka ziwani. Hata hivyo aliendelea kusugua kwa uso wa mtu mwenye heshima zake.

Zuleha, mjane mwenye duka la vitenge, alimwita baada ya ziwa kupanda likaingia uani kwake. Maji yalikaa, kisha yakarudi nyuma na kuiacha miguu ya mnara wa tenki imevimba kutu. Fundi aliyetangulia aliipaka rangi ya kijani juu ya kutu ile ile. Haikupita muda ikaanza kubanduka vipande vipande.

"Rangi ya kawaida inaficha tu," Khalfani alimweleza siku ya kwanza. "Chini yake kutu inaendelea kula. Rangi ya zinki ni kitu kingine. Maji yakija, yenyewe ndiyo inaliwa kwanza, chuma kinabaki. Hata pakikwaruzwa kidogo, zinki ya pembeni inapalinda."

"Kwa hiyo inajitoa yenyewe?"

"Inajitoa."

"Wanaume wa namna hiyo ni wachache," Zuleha alisema, akacheka.

Khalfani akapotea hapo hapo. Alikuwa mgane wa miaka mingi, mwenye sufuria moja na kikombe kimoja, na hakuwa amechekewa na mwanamke tangu zamani. Kazi ya siku mbili ikawa ya wiki nzima. Alisugua kwa brashi ya waya mahali palipokwisha kusuguliwa. Alipaka zinki mkono wa kwanza, akapaka wa pili, kisha akapaka wa tatu ambao hakuna chuma kilichouomba.

"Mzee, unakwenda kupaka chuma au kuposa?" Telesphory, jirani yake mchomeleaji, alimuuliza asubuhi moja aliponusa manukato.

"Chuma kinataka usafi," Khalfani akajibu, na mwenyewe akaona aibu kwa jibu lile.

Kilichomuumiza ni salamu. Kila alipoingia uani, Zuleha alisema, "Shikamoo, fundi," naye akaitikia "Marahaba" kama anayemeza kwinini. Alijifariji kwamba hiyo ni adabu tu ya watu wa Ujiji. Ili kusawazisha mambo, alianza kumwamkia kwa sauti kubwa Bi Kuruthumu, mama yake Zuleha, aliyehamia hapo baada ya ziwa kuichukua nyumba yake ya Ilagala.

"Shikamoo, mama!"

Bi Kuruthumu aliacha kuchambua dagaa, akamtazama kwa muda mrefu juu ya miwani.

"Marahaba," akasema polepole. "Mwanangu."

Khalfani alifurahi siku nzima. Mwanangu! Zuleha si amesikia?

Na Zuleha hakuacha kuuliza maswali. Alileta chai, akakaa kwenye kigoda chini ya ngazi, akaanza.

"Fundi, nani anakupikia?"

"Najipikia. Ugali wangu hata paka wa jirani anaukimbia."

"Una sukari? Presha?"

"Mimi? Nina afya ya punda," akasema, akivificha vidonge vyake vizuri mfukoni.

"Umri je?"

"Hamsini na kitu."

Hicho kitu kilikuwa kumi na tatu.

"Na usiku, unakoroma?"

Khalfani alishika ngazi kwa mikono yote miwili. "Sijawahi kujisikia," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa amesema kweli.

Ijumaa, baada ya sala, alirudi amevaa kanzu, kwa kisingizio cha kutazama kama mkono wa mwisho umekauka. Alijua posa hupelekwa na mshenga, lakini alitaka kwanza kulisikia jibu kwa masikio yake, asije akamtwisha mtu mwingine aibu yake. Akaugonga mguu wa mnara kwa kidole. Ulikuwa umekauka, kijivu safi. Hakuna mtu aliyeuangalia.

Zuleha alimkaribisha barazani, akammiminia chai. Alikuwa akiuvuta mtandio wake huku na huku. Bi Kuruthumu aliinuka, akaingia ndani na kushusha pazia. Ametuachia nafasi, Khalfani akawaza, na jasho likaanza.

"Bi Zuleha," akasema, "nimekuja na neno."

"Hata mimi ninalo, fundi. Niruhusu nitangulie, maana nimeona haya wiki nzima."

Khalfani akaweka kikombe chini kisije kikamwagika. "Sema tu. Usione haya."

"Yale maswali sikuyauliza bure. Nilikuwa natafuta mume."

"Nilihisi," Khalfani akasema kwa upole. Akainyoosha kanzu magotini.

"Basi nisamehe kwa kukusumbua. Nimembembeleza mama kwa kila namna, nimemwambia fundi ni mtu mwema, mchapakazi, lakini amekataa katakata. Anasema yeye akiolewa tena anataka mwanamume wa rika lake, na wewe umeshazeeka."