Robo Tatu Maji

Enzi hizo hata maji yaliyo mwilini yalihesabiwa kuwa mali ya mtaa. Mtoto akizaliwa, maji ya bomba hupunguzwa. Mtu akifa, huongezwa. Ndiyo maana Mwajabu alipojifungua hakuna aliyemletea uji, ila jirani yake, Bi Tausi, alipiga hodi mikono mitupu.

"Hebu nimpakate, mzazi."

Akampandisha na kumshusha mtoto kama mnunuzi wa kuku.

"Mnono! Robo tatu yake ni maji yetu."

"Ni mwanangu, bibi."

"Nani kakataa? Haharishi?"

"Hapana."

"Haya, tutangoja."

Mtoto akapiga chafya. Foleni ya ndoo bombani, nje ya dirisha, ikatega masikio.

"Kua, mwanangu!" Mwajabu alisema kwa sauti, wote wasikie.

Hakuna aliyeitikia.