Kiwambo cha Bibi Mwanakombo

Kila mwisho wa mwezi, mwenye kusikia lazima aende ofisi ya mtaa kueleza yaliyosemwa nyumbani kwake. Asiyesikia amesamehewa. Ndiyo maana kwetu kila mwenye jambo zito hulisemea chumbani kwa Bibi Mwanakombo, ambaye kadi yake inasema ana maji nyuma ya viwambo vya masikio, hivyo hasikii. Mwaka jana, nikimsuka nywele, nilimwambia alikojificha mume wangu.

Mwaka huu mpimaji wa masikio wa mtaa ni mimi. Nilimkalisha Bibi, nikaziba tundu la sikio kwa ncha ya kifaa, nikachungulia huku nikibonyeza kipira cha hewa. Kiwambo chenye maji nyuma yake hakitikisiki. Cha Bibi kilibonyea, kikarudi, chepesi kama cha mtoto. Sikio la pili vilevile.

Kwenye kadi, mpimaji aliyestaafu alikuwa ameandika neno moja miaka kumi na mmoja mfululizo: "Hakitikisiki."

"Mungu wangu," nilinong'ona nyuma yake.

"Mungu usimsumbue, mjukuu wangu," Bibi alijibu bila kugeuka. "Mumeo nimemnyamazia. Wote nimewanyamazia."

Nikaandika kama alivyoandika mwenzangu.

Nilipotoka nilipishana na kaka yangu Makame, akiingia na uso wa mtu mwenye siri. Alifunga mlango, akaanza kusema. Nilisimama pale kidogo, kisha nikakumbuka kwamba masikio yangu mimi ni mazima, nikakimbilia uani.