Zamu ya Lorene Juu ya Tuta

Risasi ya kwanza ya Virgil Tackett ilipiga tope. Ya pili ilimng'oa mtu yule sikio.

Mtu mwenyewe hakukimbia. Alikuwa amezama hadi kiunoni katika shimo alilolichimba juu ya tuta la kuzuia mafuriko, na nyuma yake Mto Mississippi ulikuwa umefura, ukipita na milango ya nyumba za watu na nguruwe waliokufa. Aliruka kutoka shimoni na beleshi lake, akampiga nalo Virgil mkononi. Mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Bunduki ikaanguka.

Dale Pruitt, aliyekuja na Virgil kuwaletea walinzi kahawa, alimrukia mtu yule mgongoni. Wakabingirika mpaka majini. Mtu yule akamkalia Dale, akamkandamiza uso chini ya maji. Miguu ya Dale ikatapatapa, kisha ikaanza kulegea.

Ndipo Lorene alipotokea mbio nyuma ya ghala la soya. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mke wa marehemu kaka yake Virgil, na zamu ya kulinda kipande hicho cha tuta asubuhi hiyo ilikuwa yake. Aliokota bunduki, akaigeuza, akamshushia mtu yule kitako chake kisogoni. Dale akaibuka akitapika maji ya mto.

"Ulikuwa wapi, shemeji?" Virgil alifoka, ameukumbatia mkono wake uliovunjika.

"Nilikwenda kukojoa. Au hilo nalo naombea kibali kwa meya?"

Walimgeuza mtu yule. Alikuwa Clyde Renner, mkulima wa Halsey, mji wa ng'ambo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tuta la upande mmoja likipasuka, maji hushuka upande wa pili. Mji wao wa Marlow Bend ukizama, Halsey inapona.

Virgil alimpiga teke la mbavu. "Nani kakutuma? Sema, mbwa wewe!"

Clyde alitema damu, akawatazama mmoja mmoja. "Sikuja kwa akili yangu," alisema. "Niliambiwa na—"

Kitako cha bunduki kikatua mdomoni. Meno yakamwagika topeni.

"Shemeji! Si ungemwacha amtaje?"

"Amtaje nani? Halsey wote baba yao mmoja." Lorene alikuwa ameiinua tena bunduki.

Hawakumshangaa. Katika mafuriko yaliyopita Wayne, mwanawe wa pekee, alikuwa akipanga viroba vya mchanga hapohapo, tuta likakatika likammeza. Baadaye serikali ilitaka kuwahamishia wote mlimani, karibu na kanisa. Wengi walikuwa tayari. Lakini Virgil alisimama mkutanoni, machozi yakimtoka, akasema, "Damu ya Wayne imo ndani ya tuta hili. Nani ataikanyaga aondoke?" Watu wakaona haya, wakabaki. Wakazidi kupungua hivyo hivyo, huyu kwa lori la kuhamia, yule kwa jeneza, hadi siku hizi Jumapili mji mzima unaenea kwenye mabenchi matatu ya kanisa. Lorene hakusema neno mkutanoni siku ile. Ila tangu hapo hakuna aliyelilinda tuta kama yeye.

"Nipe hiyo bunduki," Virgil alisema, akinyoosha mkono mzima. "Nimmalize."

"Hapana."

"Amekuja kutuua!"

"Ndiyo ukaoze jela kwa ajili yake? Mpelekeni kanisani afungwe vidonda." Lorene akamgeukia Dale. "Trudy yuko wapi?"

"Nyumbani, mama. Anakaanga kambare."

"Mkeo ana mimba ya miezi minane, yuko chini ya tuta, nawe umesimama hapa unanitolea macho? Watu kama hawa hawatumwi mmoja. Wenzake watakuja na baruti. Pita nyumba kwa nyumba, kila mtu apande mlimani, sasa hivi!"

"Marlow Bend haikimbii," Virgil alisema.

"Nani kasema inakimbia? Inakwenda kanisani. Na wewe uende nayo. Kwa mkono huo hata nzi humfukuzi."

"Na wewe je?"

"Mimi mwanangu yuko hapa."

Virgil aliinamisha kichwa. Akavua kofia yake, akaivaa tena. Kisha yeye na Dale wakamburuta Clyde hadi kwenye pikapu na kumtupa nyuma kama gunia. Clyde alijaribu kusema kitu. Mdomo wake ulitoa damu tu.

Kutoka juu ya tuta Lorene aliyaona magari yakiupanda mlima mmoja baada ya jingine. Bi Opal, aliyekuwa ameapa kufia kitandani mwake, alibebwa na kiti chake, akitukana, paka mapajani. Kengele ya kanisa ikalia. Mtaa ukabaki mtupu, na moshi wa jiko la Trudy ukafifia taratibu hadi ukakoma.

Redio ya upepo kiunoni mwa Lorene ikakoroma kwa sauti ya Dale. "Tumefika wote, mama."

"Virgil?"

"Yupo. Anataka kurudi, tumemkalia."

"Mkalieni vizuri. Trudy?"

"Huyu hapa, kajilaza benchi la mbele."

"Hesabu tena, Dale."

Maji yalikuwa yakilamba ukingo wa tuta.

"Hakuna aliyebaki huko chini, mama. Ni wewe tu."

Lorene akazima redio. Akavua koti lake, akalikunja, akaliweka pakavu. Kisha akashuka shimoni, akaendelea kuchimba pale Clyde alipoishia.