Jina la Kuingilia

Simu ilitaka jina. Rukaya aliandika Mama Tausi, akaona amejificha vya kutosha, maana jina lake mwenyewe hakuliandika. Bi Sheha, mshonaji aliyempa chumba baada ya Rukaya kumkimbia mumewe, alichungulia.

“Mwanangu, huko ulikotoka mtaa mzima ulikuwa ukikuitaje?”

“Mama Tausi.”

“Na mumeo?”

Rukaya aliinamia simu. Akalifuta jina hilo, herufi moja baada ya nyingine. Akatazama meza ya kukatia vitambaa, penye chaki ya kuchorea, akaandika Chaki Nyeupe, ndipo akajiunga na kundi la washonaji mtandaoni.

Siku ya tatu, akiwa anapiga pasi, ujumbe uliingia kundini kutoka kwa mgeni: “Jamani, kuna anayemfahamu Mama Tausi, mke wangu? Mwambieni nimemsamehe, arudi nyumbani.”

Wengi wakajibu hawamjui. Mmoja akauliza, “Chaki Nyeupe, wewe uliyeingia juzi, unamjua?”

Rukaya aliiweka pasi kando. Akaandika, “Simjui.”

Kisha akamwendea Bi Sheha, aliyekuwa akihangaika na tundu la sindano, akampokea sindano, akamtungia uzi.

“Ahsante, mama,” Rukaya alisema.

“Ya nini tena? Si wewe uliyenitungia?”

Rukaya akachukua sindano ya pili.