Jiko Letu Limesema

Siku hizi Mfuko wa Masomo haumuulizi mtu hali ya nyumbani kwake. Unauliza jiko. Letu, tulilogawiwa bure na Mfuko huohuo, lilinusa pilau ya kuku niliyopikiwa nilipopata chuo, likaripoti. Kuku alitoka kwa mama Zamda, jirani yetu, na mchele kwa mjomba, lakini hayo halikuyasema. Mkopo nikanyimwa.

Nikakata rufaa. Miezi ikapita, chuo kikafunguliwa bila mimi.

"Mnafiki mkubwa wewe!" mama alilifokea jiko, akalifunika kanga. "Na huwashwi tena humu ndani!"

Tukahamia kupikia kwenye mafiga uani. Jana jiko likanisomea majibu ya rufaa, kwa sauti yake ileile ya upole:

"Ombi limekataliwa. Familia ina jiko la pili."