Mkufu wa Kidato cha Tatu

Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu huvishwa mkufu wa shule shingoni, nao humruhusu kutamka lugha anayojifunza tu, hadi atakapofaulu mtihani wa lugha hiyo. Zamda alianza na Kifaransa. Nyumbani alifua, alipika, alifagia. Lakini kila asubuhi aliposimama mbele ya bibi yake kipofu, shikamoo ilimkwama kooni.

"Nani huyo anayenipitia kimya kama jini?" Bibi alifoka.

"Ni Zamda, mama. Shule imemfunga sauti," mama yake Zamda akajibu.

"Shule gani hiyo inayokataza maamkizi? Mpaka aniamkie, mimi simjui."

"Bonjour," Zamda alinong'ona.

"Tena ananitukana!"

Mwaka mzima ukapita hivyo. Siku ya matokeo, mama aliingia mbio. "Amefaulu! Mama, leo atakuamkia!"

Bibi alijifunga kanga upya, akaketi wima, akanyoosha mkono. Zamda alipiga magoti, akauingiza utosi wake chini ya kiganja kile, akavuta pumzi. Mkufu ukatetemeka, ukabadili rangi. Somo la Kihispania lilikuwa limeanza.

"Haya, mjukuu wangu," Bibi alisema kwa upole. "Nakusikiliza."