Supu ya Mgonjwa

Kwamba mjinga wa siku ile alikuwa Noah, hilo halina ubishi. Mwenyewe anakubali, ila hukubali haraka haraka kisha huuliza habari za mvua.

Mzee Lukasi alipobisha hodi, Noah alikuwa amejilaza kwenye kochi, blanketi limemfika kidevuni, anampa mkewe sababu za kutopanda juu ya mparachichi. Utelezi alikuwa ameshautaja. Sasa alikuwa kwenye mgongo.

"Gari la mnunuzi linapita kesho asubuhi, baba Doreen," alisema Winfrida, mkewe, akiwa ameegemea fremu ya mlango wa uani. "Kisondela nzima wameshachuma. Yetu yakibaki mtini ndiyo basi, tusubiri mwakani."

"Mwenzio nimetoka hospitali juzi tu. Mwili bado haujarudi."

Winfrida alimtazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyelala katikati ya njia. Kisha akaenda kumfungulia mgeni, polepole, kama mtu ambaye mgeni si wake.

Lukasi alikuwa mzee wa kanisa, ametoka Masukulu kwa bodaboda, kuku kwapani. Kwenye matangazo ya Jumapili alisikia kwamba nyumba ya Noah wamerudi kutoka hospitali Mbeya, wanahitaji kutembelewa. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliona mwanamume ndani ya blanketi, akampelekea kuku moja kwa moja.

"Ndaga, mwanangu," akamsalimu kwa lugha ya kwao. "Pole sana kwa yaliyokupata."

"Tunamshukuru Mungu, mzee," Noah akajibu, na sauti ikamwishia nguvu papo hapo. Kuku akampokea kwa mikono miwili.

Huyo hakuwa wa kwanza. Tangu warudi, majirani walikuwa wakimiminika na maziwa, ndizi, mayai na kuku. Na kwa desturi ya kwao, mgeni humkabidhi baba mwenye nyumba alicholeta, naye baba mwenye nyumba ndiye ajuaye kinakokwenda. Kwa Noah hakikuwa kinakwenda mbali. Kupona, kwa maoni yake, huanza tumboni, huhamia ulimini, na miguu huja mwisho kabisa.

Winfrida akaleta bakuli la supu. Alilibeba kwa mkono mmoja. Wa pili ulishika kitenge alichokifunga juu juu, karibu na kifua. Akaliweka katikati ya meza, akarudi mlangoni, akaegemea tena.

Lukasi akalisogeza bakuli mbele ya Noah. "Kunywa, mwanangu. Supu ni ya mgonjwa."

Noah alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anaitazama supu. Akainywa.

"Hospitali walikulaza vizuri?"

"Sakafuni, mzee. Vitanda vimejaa. Baridi yote ya Mbeya iliingia humu mgongoni."

"Lo. Na sindano?"

"Sindano nimeziona mimi. Nilianza kuzihesabu, nikashindwa."

Lukasi akatikisa kichwa kwa huruma. "Nilisikia kulikuwa na upasuaji pia."

Hapo Noah akaweka bakuli chini. Habari hii ilistahili mikono yote miwili. Akachora kwa kidole juu ya blanketi, kutoka chini ya mbavu hadi pembeni mwa kitovu. "Walipasua kuanzia hapa, mpaka hapa. Mzee, nilipouona ule mshono, nilizirai. Muuguzi mmoja akaniambia, baba, tangu tuanze kazi hatujaona mtu kama wewe."

Winfrida alianza kucheka. Akakatisha katikati, mkono ubavuni, uso umemkunjamana.

Kicheko hicho hakikumpendeza Lukasi. Alikuwa amepatanisha ndoa nyingi tangu apewe uzee wa kanisa, na alijijua kuwa ana jicho la kutambua kosa liko upande gani.

"Mama Doreen, unacheka?"

"Samahani, baba."

"Nimesimama pale nje nimesikia. Unamtuma mtu wa namna hii akapande mti?"

Mwenye akili angebadilisha mazungumzo hapo hapo, aulize habari za Masukulu, aulize hata afya ya bodaboda. Lakini supu ilikuwa imemkolea Noah.

"Ndivyo ninavyoishi, mzee," akasema, akivuta blanketi. "Tangu turudi ni kutumwa tu. Kateke maji, kakate majani ya ng'ombe. Mimi nakaa kimya. Namwachia Mungu."

"Usikae kimya, mwanangu. Kukaa kimya ndiko kunakoharibu nyumba." Lukasi akasimama, maana maneno mazito hakuyazoea akiwa amekaa. "Mama, huyu akikuangukia mikononi utamweleza nani? Utawaambia ndugu zake ulikuwa unakimbilia gari la maparachichi?"

"Matunda yakibaki yanaoza, baba. Hatuna kingine mwaka huu."

"Yaoze. Tutachanga kanisani."

"Na maji?"

"Maji teka wewe. Una mikono, una miguu."

"Msikilize mzee," akadokeza Noah kutoka kwenye blanketi.

Winfrida hakumsikiliza Noah. Alimtazama Lukasi kwa adabu zote, magoti yamekunjwa kidogo kama inavyompasa mke wa mtu mbele ya mzee, kadiri alivyoweza kuyakunja.

Lukasi akamwinulia Winfrida kidole, amalize shauri. "Mwanangu, nakwambia kama mzazi. Mtu aliyepasuliwa tumbo habebi ndoo, wala hapandi mti. Kwani daktari hakukueleza?"

"Alinieleza, baba," Winfrida akasema. "Ndiyo maana namtuma yeye."